Mwalimu Aidah na Mkia wa Korona

Watu wa Biryogo walimtambua Mwalimu Aidah kwa mwendo wake kabla hawajamwona uso. Alitembea kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi: mgongo umenyooka, mkoba kwapani, mtandio umekaa sawasawa. Kwa hiyo alipoanza kusimamasimama njiani, mafundi cherehani waliopanga mashine zao barazani walikuwa wa kwanza kuona. Hapa alisimama kutazama kitenge kilichoning'inia mlangoni, akakishika pindo, akauliza kimetoka wapi. Pale aliinama kurekebisha kiatu kisichokuwa na kasoro. Mbele kidogo aliuliza habari za mtoto wa mtu na kusikiliza jibu mpaka mwisho, jambo ambalo zamani hakuwa na subira nalo.

"Mwalimu siku hizi amekuwa mpole," walisema mafundi.

Hakuwa amekuwa mpole. Alikuwa akitafuta pumzi.

Korona iliingia nyumbani kwake mwaka 2021, siku zile za kufungiwa ndani. Waliugua wote watatu: yeye, binti yake Uwineza, na wifi yake Iteka, dada wa marehemu mumewe, ambaye aliishi nao tangu zamani. Uwineza aliumwa kichwa, kikaisha. Iteka alipoteza ladha na harufu, akasema angalau sasa ataweza kula mchicha wa wifi yake bila kunung'unika. Aidah alipata homa kali, akatoka jasho, akapona. Alifua mashuka, akafungua madirisha, akamshukuru Mungu, akangoja nguvu zirudi. Nguvu hazikurudi.

Kuoga tu kulikuwa safari. Akitoka bafuni ilimbidi akae ukingoni mwa kitanda mpaka moyo uache kwenda mbio. Ngazi za shule aliyofundisha, kule Nyamirambo, zilimfanya afike darasani hawezi kusema, akawa anawaandikia wanafunzi zoezi ubaoni kabla ya salamu. Lililomtisha zaidi ni kwamba mwili ulikuwa na hila. Siku akijikaza akafanya kazi kama zamani, siku hiyo ilipita vizuri kabisa. Malipo yalikuja kesho yake na keshokutwa: viungo vizito kama blanketi lililoloweshwa, kichwa kimejaa ukungu. Siku moja alisimama mbele ya kidato cha nne, chaki mkononi, akitafuta neno alilolifundisha maisha yake yote. Lilikuwa limeondoka. Akachora mstari ubaoni, akawageukia. "Jazeni wenyewe," akasema. Wanafunzi wakadhani ni mbinu mpya ya kufundisha, wakaipenda.

Alikwenda kwa waganga. Lakini alikwenda mbali, katika zahanati za watu binafsi, katika mitaa ambako hakuna aliyemjua. Ya kwanza ilisema ni vidonda vya tumbo. Ya pili ilisema pumu, ikampa dawa ya kuvuta. Katika ya tatu, daktari kijana alisoma jina lake bila kuinua macho, akauliza kama ana mume.

"Alifariki."

"Basi ni mawazo, mama. Ujane ni mzigo."

"Mume wangu ana miaka saba kaburini," alisema Aidah. "Kama ni mawazo, yamechelewa njiani."

Daktari alimwandikia vidonge vya usingizi hata hivyo. Hakuvimeza.

Alikuwa na bima ya mituweli kama kila mtu, na kituo cha afya hakikuwa mbali na mlango wake. Angekwenda huko, wangemwandikia rufaa ya hospitali, mambo yakaenda kwa utaratibu wake. Lakini benchi la kituo kile lilitazamana na barabara, na waliokaa juu yake walikuwa ni majirani. Ukikaa hapo asubuhi, mchana mtaa mzima unajua kinachokuuma, na jioni unajua kitakachokuua.

Na nyumba ile ilikuwa imeshaonja jambo hilo. Iteka alipokuwa msichana aliposwa, mahari ikapokelewa, kisha akaanza kukohoa. Ilikuwa kifua kikuu. Alitibiwa mpaka akapona kabisa, na waganga wakathibitisha. Lakini watu wa bwana harusi walimtuma mzee mmoja mwenye sauti laini, akaja kusema kwamba jambo lile limekosa bahati. Hakuja mwingine tena. Kwa miaka mingi wazazi wa Biryogo waliokuwa na vijana wa kuoa waliuliza habari za kifua cha nyumba ile kabla ya kuuliza habari za dini yake. Mume wa Aidah, Hajji Hakizimana, muuza vitambaa, alitumia maisha yake kuisafisha nyumba hiyo: hakupunja mita ya mtu, alisuluhisha ugomvi wa watu, alizika maiti zisizo na wenyewe. Alipokufa, watu walisema "kwa Hajji" kwa heshima. Aidah alilichukua jina hilo kama amana aliyoachiwa aitunze.

Sasa Uwineza alikuwa ameposwa. Kijana alikuwa Kaze, bwana shamba, mwenyeji wa Masaka, wa familia ya Waislamu wenye mashamba ya mboga na nyumba mpya juu ya kilima. Nikahi ilipangwa baada ya Idi. Aidah alijiapiza kwamba mpaka siku hiyo, hakuna mtu wa Masaka atakayemsikia akihema.

Uwineza alijua mama yake amechoka, akadhani ni uzee. Iteka hakudhani kitu. Iteka alikuwa na macho.

"Wifi, unahema kama umepanda Mlima Kigali."

"Nimeharakisha."

"Kutoka chooni?"

"Iteka, nipe nafasi nipite."

"Pita, mama. Nafasi ninayo. Pumzi ndiyo sina ya kukuazima."

Mwalimu mwenzake ndiye aliyemwambia kwamba hospitali ya Kibagabaga ina daktari anayewasikiliza watu walioachwa hivyo na korona. Kibagabaga iko upande mwingine kabisa wa mji, na hilo lilimpendeza. Alivaa barakoa ili asitambulike, akatoka hadi barabarani, akapanda pikipiki. Safari ya pili, motari yule yule wa pikipiki alimgeukia akicheka kabla hajasema anakokwenda.

"Mwalimu, leo iko Kibagabaga tena?"

"Umenijuaje?"

"Barakoa Biryogo nzima imebaki moja, Mwalimu. Hiyo yako."

Ilikuwa kweli. Watu walikuwa wamezitupa zamani. Aidah aliivua, akaitia mkobani, akapanda.

Daktari aliitwa Melchior, mzee mrefu aliyesomea Bujumbura, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. Alimlaza, akapima mapigo ya moyo. Akamsimamisha, akapima tena, akakunja uso. Alimtembeza kwenye ukumbi na kidubwasha kimebana kidole chake. Damu ilichukuliwa, kifua kikapigwa picha, moyo ukasikilizwa kwa mashine. Majibu yalipokuja, karibu yote yalikuwa mazuri.

Aidah aliyatazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kwa hiyo siumwi."

"Nani amesema?"

"Karatasi zako."

"Karatasi zinasema huna kifua kikuu, huna pumu, mapafu hayana doa, damu inatosha. Hizo ni habari njema, Mwalimu, zipokee. Lakini moyo wako ukisimama tu unakwenda mbio kama umefukuzwa, na ukijichosha leo unalipa kesho. Nimewaona wengi hivyo. Ni korona ndefu. Mnyama amepita, mkia bado uko mlangoni."

"Dawa yake?"

"Ya kuimaliza sina."

"Wewe huna, au haipo?"

"Haipo. Si hapa, si Paris." Alivua miwani. "Lakini kuna namna ya kuishi nayo, na wengi hupata nafuu, taratibu. Taratibu sana. Na wewe, naona, si mtu wa taratibu."

Alimpeleka kwa Pretty, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mwanamke mnene mchangamfu aliyekulia Kampala. Pretty alimfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo na kuitoa kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Kisha akamweleza mambo ya nguvu.

"Mama, zamani ulikuwa na bomba nyumbani, ukifungua maji yanatoka. Sasa una jerikani moja kwa siku. Kuoga humo humo, kupika humo humo, darasa humo humo, hata kugombana na mimi humo humo. Usingoje likauke ndiyo ukae. Kaa likiwa bado lina maji."

Mfano ulikuwa mzuri, na Aidah aliudhika kidogo kwamba haukuwa wake.

"Kila Alhamisi wenzako wanakutana hapa barazani," Pretty aliendelea. "Tunafanya mazoezi, tunaongea, mtu anacheka, mtu analia. Uje. Na uje na mrwaza."

"Mrwaza wa nini? Sijalazwa."

"Mrwaza si wa kupika uji wa hospitali tu. Ni mtu wa nyumbani asikie kwa masikio yake, ili ukilala mchana asikuite mvivu."

Aidah alisema atafikiri, na wote wawili walijua maana yake. Baraza lile lilikuwa wazi pande tatu. Mtu yeyote aliyepita kwenda maabara aliwaona waliokaa.

Neno la mwisho la Melchior lilikuwa juu ya Ramadhani, iliyokuwa inakaribia. Asifunge mwaka huu. "Mimi ni Mkatoliki, sikufundishi dini yako. Muulize sheikh."

Hakuhitaji kumuuliza sheikh. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha watoto wa madrasa kwamba mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona, na asipopona atalisha maskini. Ruhusa aliijua. Lakini ruhusa hiyo huliwa mchana, na mchana wa Ramadhani katika vichochoro vya Biryogo sufuria ikifunikuliwa inasikika nyumba ya nne. Alifunga.

Kwa muda wote huo watu wa Masaka walikuwa wanamwalika. Mama Kaze alitaka mama mkwe wa mwanawe aje aione nyumba ambamo binti yake ataishi. Pikipiki ingemfikisha chini ya kilima. Juu kulitaka miguu, na mvua ilikuwa imekwisha kuichimba njia. Aidah alituma udhuru: mitihani ya shule. Akaalikwa tena, akasema ana wageni. Mara ya tatu akasema mvua. Walipokuja wao Biryogo kuleta posa, hakuinuka kuwapokea wazee mlangoni, maana alikuwa ametoka kupanga viti na magoti yalikuwa yanatetemeka. Kabla hawajaondoka aliingia chumbani, akajilaza, na Iteka ndiye aliyewasindikiza wageni. Aidah aliamini ameficha vizuri. Hakuna aliyemsikia akihema.

Ukafika wakati wa futari ya wakwe. Katika mtaa ule, mchumba na watu wake wakija kufuturu kwa binti katika Ramadhani ya kwanza, mama wa binti hupika kwa mikono yake. Si shangazi, si jirani, si mpishi wa kukodi. Na bakuli la kwanza la uji, ule wa pilipili manga na tangawizi, humpa mkwe mwanamke yeye mwenyewe, wamesimama wanatazamana. Ndiyo namna ya kusema: umekubaliwa hapa.

"Mama, mimi nitapika sambusa," Uwineza alisema asubuhi. "Shangazi apike ndizi. Wewe koroga uji tu, inatosha."

"Watasema umelelewa na shangazi."

"Na nani mwingine alikuwa anamwosha?" Iteka aliuliza. "Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari."

"Iteka, toka jikoni kwangu."

"Natoka. Lakini ukianguka humo ndani usianguke juu ya mafuta, nitakosa wa kuniudhi."

Alipika peke yake. Alisukuma chapati, akakunja sambusa, akatia ndizi kwenye nazi, akapika pilau. Alikumbuka jerikani la Pretty, akalifukuza. Siku moja tu, alijiambia. Nitalipa kesho, kesho hakuna mgeni. Mchana ulipoelemea upande wa magharibi, alikuwa akisikia moyo wake masikioni, na mara mbili alijikuta amesimama mbele ya kabati hajui amekuja kuchukua nini.

Wageni walifika kabla ya adhana: Kaze, mama yake, na shangazi zake wawili. Mama Kaze alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono ya mtu anayelima mwenyewe na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka kilima hadi kilima. Alisalimia kwa uungwana, akakaa, akatazama kuta, akatazama mlango wa jikoni. Hakutabasamu sana.

Adhana ililia. Wakala tende, wakanywa maji, wakaswali magharibi. Kisha Aidah akaingia na sinia la uji.

Bakuli la kwanza alimpa Mama Kaze. Uji ukatikisika bakulini, haukumwagika. Akashukuru Mungu moyoni. Akachukua bakuli la pili, akamgeukia kijana, mkwe wake mtarajiwa, aliyekuwa ameinuka kwa adabu na kunyoosha mikono miwili.

"Na wewe mwanangu," alisema. "Karibu, mwanangu..."

Jina halikuwepo.

Alilitafuta. Alimtazama kijana usoni, uso alioujua vizuri, nyusi nene, kovu dogo kidevuni. Nyuma ya uso ule palikuwa na ukungu mtupu. Kijana mwenyewe, kwa huruma, akasema taratibu:

"Kaze, mama."

Mama Kaze akaweka bakuli lake chini bila kulionja.

"Ni saumu," Iteka alidakia upesi. "Wifi yangu tumbo likiwa tupu hata mimi huniita paka."

"Nami nimefunga," alisema Mama Kaze. "Wote humu tumefunga. Sijasikia saumu inayomsahaulisha mtu jina la mume wa binti yake." Alimgeukia Aidah. Hakupandisha sauti, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwalimu, sisi ni watu wa shamba lakini si wajinga. Nimekuita kwangu mara tatu, mara tatu hukuja. Tulipoleta posa hukuinuka. Tukiwa bado tumekaa, ukaingia ndani ukafunga mlango. Nikamwambia mzee wangu: huyu mama amesoma, anatuona udongo. Akaniambia niwe na subira, Ramadhani inakuja. Basi nimekuja. Nilimwahidi kwamba nitakunywa uji wao, na wakituonyesha mgongo tena, nitarudi na neno la kuvunja. Sasa hata jina la mwanangu huna."

Uwineza alishika mdomo. Shangazi mmoja wa Kaze aliuvuta mkoba wake.

Aidah alitaka kujibu akiwa wima, kama alivyojibu watu maisha yake yote. Magoti hayakukubali. Alijishikilia ukuta, akashuka polepole mpaka akakaa sakafuni, mkekani, mbele ya wageni, miguu imekaa ovyo. Uwineza alimkimbilia, naye akamzuia kwa mkono. Alitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, mara kadhaa, mbele ya macho yote hayo.

"Mimi ni mgonjwa," alisema.

Akaurudisha mtandio mahali pake.

"Tangu korona ile. Haikunitoka vizuri. Nikitembea nakosa pumzi, nikisimama moyo unakimbia, nikifanya kazi leo kesho siamki. Na maneno yananipotea. Si jina la mwanao tu. Juzi nimepotewa na jina la shule yangu. Kilima chenu nilikiogopa. Mlango niliufunga nikalala chini nyuma yake, kitanda kilikuwa mbali."

"Na kwa nini hukusema?"

Aidah alimtazama Iteka, kisha akatazama chini. Iteka ndiye aliyejibu.

"Kwa ajili yangu mimi. Zamani niliwahi kuchumbiwa, nikaugua kifua, nikaachwa. Nilipona, lakini wifi yangu mpaka leo anaficha kikohozi changu. Sikohoi! Yule aliyeniacha ameoa wanawake watatu na sigara inamkohoza kila alfajiri, mtaa mzima unaamka. Hakuna anayeuliza habari za kifua chake."

Shangazi wa pili wa Kaze alicheka, akajiziba.

Mama Kaze hakucheka. Alikuwa akifikiri, na alifikiri kwa sauti, kama anavyonunua ng'ombe.

"Inaambukiza?"

"Hapana. Ile yenyewe ilikwisha."

"Ni ya ukoo?"

"Hapana."

"Ni kifua kikuu?"

"Picha wamepiga. Si kifua kikuu."

"Nani amesema?"

"Daktari wa Kibagabaga."

"Wewe umemsikia. Mimi sijamsikia." Alifumbata mikono kifuani. "Nisamehe, dada, lakini umenidanganya mara tatu kwa mvua na mitihani. Neno lako peke yake leo halinitoshi. Nataka kumsikia huyo daktari."

Zamani kidogo, kwa maneno kama hayo, Aidah angemwonyesha mtu mlango, awe mkwe au nani. Alihisi hasira ikija. Alihisi pia kwamba haina mahali pa kusimama, kwa sababu alichokisema mwanamke yule kilikuwa kweli.

"Alhamisi asubuhi," alisema. "Wananidai mrwaza. Njoo."

"Nitakuja." Mama Kaze aliliokota bakuli, akaonja. "Na uji huu umezidi pilipili."

"Umezidi," alikubali Iteka. "Siku zote huzidi."

Aidah alilipa kwa siku kadhaa kitandani. Uwineza alimnywesha maji mchana, pazia wazi, naye Aidah akaacha kufunga. Kisha, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha, alikwenda kituo cha afya cha mtaani kwake kuomba rufaa kwa mituweli yake, akakaa kwenye lile benchi linalotazama barabara. Mke wa fundi cherehani alikuwa amekaa pembeni yake na mtoto mwenye homa.

"Mwalimu, nawe?"

"Nami."

"Nini?"

"Korona ya zamani. Inakataa kuondoka."

"Eh. Binamu yangu hivyo hivyo. Tulidhani amerogwa." Akamsogezea nafasi upande wa ukuta, aegemee. Mazungumzo yakahamia bei ya vitunguu.

Alhamisi, Mama Kaze alimhoji Daktari Melchior mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kugonga mlango. Alitaka kuiona picha ya kifua juu ya taa. Alitaka kujua kama wajukuu watazaliwa nayo.

"Na atapona lini?"

"Sijui."

"Daktari mzima, na mvi hizo, hujui?"

"Ungependa nikudanganye, mama?"

"Hapana," alisema Mama Kaze. "Nimedanganywa vya kutosha mwaka huu." Lakini alipotoka alimwambia Aidah kwamba mzee yule anaaminika, kwa sababu wauza dawa wa mitaani wote wanajua siku ya kupona.

Barazani, Aidah alikaa na wenzake: dereva wa lori, mtawa, msichana wa hoteli asiyeweza tena kubeba sinia. Pretty aliwahesabia pumzi. Mama Kaze, ambaye hakuumwa chochote, alivuta pumzi nao kwa nguvu kuliko wote. Msichana wa hoteli alisema kwamba bosi wake anamwita mvivu mbele ya wateja, akalia. Aidah alimwambia, kwa sauti yake ya darasani, aombe barua ya daktari na ampelekee bosi huyo. Kesho yake naye alifanya hivyo hivyo: alimpelekea mkuu wa shule barua ya Melchior, akaomba vipindi vya asubuhi, chumba cha chini, na ruhusa ya kufundisha amekaa. Mkuu alikubali viwili vya kwanza papo hapo. Cha tatu alisema atakifikiria, kwa sababu wakaguzi hawapendi. Aidah alileta kiti chake kutoka nyumbani.

Habari za ugonjwa wake zilitembea, kama alivyojua zitatembea. Watu wawili watatu waliacha kumwalika mahali. Jirani mmoja alimshauri mafuta ya habasoda, mwingine tangawizi, wa tatu alitaka kumpeleka kwa mtu anayesoma maji. Wengine walisema chini chini kwamba nyumba ya Hajji kifua chake hakijawahi kuwa salama. Iteka alimletea maneno hayo yote, na majina ya waliosema, na Aidah aliumia, akayaacha yapite.

Mama Kaze ndiye aliyeipanga upya siku ya nikahi.

"Mchana mama wa binti anakuwa ameisha chaji," aliwaambia wazee wa Masaka. "Tufanye saa tatu asubuhi. Asiyeweza kuamka asile pilau."

Wakalalamika, wakaamka. Aidah aliketi msikitini upande wa wanawake, juu ya kiti, akasikia sauti ya Kaze ikiipokea nikahi kupitia kipaza sauti, na jina la binti yake na la Hajji Hakizimana yakatajwa mbele ya watu. Nyumbani, baada ya kupokea pongezi za kwanza, alijilaza kwenye godoro sebuleni, mlango wazi, mtandio umekaa sawasawa. Wageni walivua viatu, wakainama mmoja mmoja kumpa mkono.

"Mnisamehe, siinuki," aliwaambia, na aliwaambia hivyo hivyo wakubwa na wadogo.

Hakuwa amepona. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amezidisha tena, akaanguka tena, na Pretty alimkaripia kama mtoto. Jioni hiyo ukungu ungekuja, alijua, na kesho ingekuwa ya kitandani.

Kutoka uani zilimfikia sauti za Iteka na Mama Kaze, wakibishana juu ya chumvi ya pilau, mmoja akisema imepungua, mwingine akisema imezidi, mikono ya Biryogo haijui chumvi. Aidah, aliyekuwa amekwisha kuionja, alivuta pumzi kwa tumbo, akaitoa taratibu. Imepungua. Alikuwa na hakika. Akafumba macho, akawaacha wabishane.